Land Rover Inayozimika Mlimani: Mwongozo Kamili wa Kupunguza Viungo Kwenye Njia ya Petroli

Gari linawaka asubuhi bila tabu. Linapakia bandarini Mkoani, Pemba, linaanza kupanda kuelekea mjini, na likifika katikati ya kilima linachechemea, linakosa nguvu, linazima. Dereva anasubiri robo saa, anapiga stata, nalo linawaka kana kwamba halikuwa na lolote. Karibu kila aliyenijia na tatizo hili alikuwa ameshanunua kabureta nyingine. Wengine walikuwa wamefika ya tatu.

Tumelizungumza jambo hili mara nyingi kwa maneno na bado watu wanarudi palepale, kwa hiyo safari hii naliandika lote kwa mpangilio. Kwenye magari mengi niliyoyafungua, kabureta haikuwa na kosa kubwa. Petroli ilikuwa haifiki, na ilikuwa haifiki kwa sababu ya vitu vilivyoongezwa mwaka hadi mwaka: kipande cha mpira hapa, chujio pale, koki ya kufungia petroli isiibiwe, pampu ya umeme ya kuisaidia pampu ya injini. Kila kimoja kinaleta viungo viwili, na kiungo kilichoko kabla ya pampu kinaweza kunyonya hewa bila kuvuja hata tone. Ndiyo maana fundi anaangalia chini ya gari, anaona pakavu, anaruka kwenye kabureta.

Kazi tunayoifanya hapa ni ya kuondoa. Mwisho wake gari litabaki na tangi, bomba moja, pampu moja, chujio moja na kabureta.

Mwongozo ni wa Land Rover Series IIA na III zenye injini ya petroli ya silinda nne, cc 2286. Mwenye Peugeot ya zamani au Suzuki ya kabureta atafuata hatua hizihizi, lakini Suzuki ina bomba la pili linalorudisha petroli tangini. Hilo lisizibwe wala kuondolewa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujafungua nati

- Mpira wa petroli mita 2, wenye maandishi SAE J30 R7 au R9 ubavuni. Kipenyo cha ndani kilingane na bomba lako. Milimita 8 ndicho kinachokutikana zaidi, lakini pima.
- Bomba la shaba iliyochanganywa na nikeli. Pitisha kamba kutoka tangini mpaka kwenye pampu, pima kamba, ongeza nusu mita.
- Klipu 8 za mpira wa petroli, zile zenye utepe mzima usio na matundu. Za matundu hukata mpira ukizikaza.
- Chujio 1 la petroli lenye mwili wa chuma.
- Seti ya gasketi za kabureta, gasketi ya pampu, na ya kikombe cha kioo cha pampu.
- Kikatio cha bomba na kifaa cha kupanulia ncha. Mafundi wa friji wanavyo. Azima, huvihitaji zaidi ya siku moja.
- Chupa 2 za maji za lita 1.5 zinazoonyesha ndani, na dumu safi la lita 5.
- Kipande cha kioo bapa na msasa namba 400.
- Sabuni ya maji na chupa ya kupulizia.
- Mtungi wa kuzimia moto wa unga, na ndoo mbili za mchanga mkavu.

Hapa Pemba klipu na mpira unaweza kupata Chake. Gasketi za kabureta ya Zenith na za pampu mara nyingi tunaagiza Unguja au Gerezani, Dar es Salaam. Agiza kwanza, zikifika ndipo ufungue. Gari lililofunguliwa likasubiri spea wiki tatu huingia vumbi na chumvi, na ukirudi unakuta kazi mpya.

## Kuhusu moto

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unashuka, unatambaa sakafuni, unajaa kwenye shimo la gereji. Fanya kazi hii nje au kwenye banda lililo wazi pande zote, na usiingie shimoni. Toa terminali ya hasi ya betri kila unapofungua bomba, uirudishe tu pale kipimo kinapohitaji stata. Jiko la mkaa la jirani, chetezo na sigara viwe mbali. Petroli ikiwaka, usimwagie maji, kwa sababu itaelea juu yake na kusambaa. Tumia unga au mchanga.

Na jambo moja nalisema kwa uzito wote: usichome tangi la petroli kwa welding, hata kama limekaa wazi mwezi mzima. Mvuke uliobaki kwenye kutu unatosha kulipasua.

## Hatua ya 1: Chora njia uliyonayo

Chukua karatasi, lala chini ya gari na tochi ya betri, ufuate petroli kutoka tangini mpaka kwenye kabureta. Chora kila kitu unachokigusa, kisha hesabu viungo. Kiungo ni mahali popote vitu viwili vinapokutana: mpira na bomba, bomba na chujio, nati na pampu.

Land Rover moja ya Wete ilikuwa na viungo 17, machujio matatu na pampu mbili. Mwenyewe alishangaa, maana kila kimoja kiliwekwa siku yake na fundi wake, na kila fundi alikuwa na sababu nzuri. Tulipomaliza vilibaki 7: vitatu kabla ya pampu na vinne baada yake. Hiyo ndiyo hesabu unayoilenga.

Weka alama ya mduara kwenye viungo vyote vilivyo kabla ya pampu. Hapo petroli inavutwa, kwa hiyo tundu dogo linaingiza hewa ndani. Vilivyo baada ya pampu vinasukumwa, na vikiwa vibovu vinalowa, utaviona.

Umefanikiwa ikiwa mtu asiyelijua gari lako anaweza kuishika karatasi hiyo na kuifuata njia bila kukuuliza.

## Hatua ya 2: Pima kabla ya kubadilisha

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayookoa pesa.

Chomoa waya mwembamba wa koili ili plagi zisitoe moto. Vua mpira kwenye mlango wa kabureta, uongeze kipande kirefu cha mpira, na ncha yake uizamishe ndani ya chupa yenye petroli kidogo. Chupa ishikwe na mtu wa pili, mbali na bomba la moshi na betri. Piga stata sekunde 15. Pampu ya injini hupiga mara moja kwa kila mizunguko miwili ya injini, kwa hiyo utaona petroli ikija kwa mikupuo.

Angalia vitu viwili. Kwanza kiasi: weka alama kwenye chupa kwa kalamu. Pili mapovu: ncha ikiwa imezama, hewa iliyonyonywa njiani itatoka kama mapovu yasiyokwisha. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyokuwamo mpirani, usiyahesabu.

Pumzisha stata dakika moja. Sasa vua mpira unaoingia kwenye pampu na uunganishe mpira mwingine uliochovya kwenye dumu safi lililo chini sakafuni. Rudia sekunde 15 kwa chupa ya pili.

Linganisha chupa mbili:

- Ya tangini ni kidogo au ina mapovu, ya dumu ni nyingi na safi: ubovu uko kati ya tangi na pampu. Nenda hatua ya 3.
- Zote mbili ni dhaifu: pampu. Soma hatua ya 5 kwanza, kisha urudi.
- Zote mbili ni nyingi na safi: njia ni nzima. Nenda hatua ya 7, na uangalie moto wa plagi vilevile.

Kuna sababu ya kujali kiasi. Gari linalokula lita 20 kwa kilomita 100, likienda kilomita 60 kwa saa, linahitaji lita 12 kwa saa, yaani mililita 200 kila dakika. Likipanda na magunia ya karafuu linataka zaidi ya hapo. Kabureta ina akiba ndogo kwenye kikombe chake cha flota, yaani boya linalopima kimo cha petroli. Njia ikileta nusu ya mahitaji, gari litakwenda tambarare bila shida, akiba itaisha mlimani, na ukisimama kisha kupiga stata, pampu itakijaza kikombe tena kwa sababu injini bado haitaki petroli nyingi. Hapo ndipo linapotuchanganya.

## Hatua ya 3: Tangi

Anza na kifuniko. Kifuniko cha asili kikipotea, wengi hufunga kwa nailoni na raba. Petroli inapotoka, hewa lazima iingie. Isipoingia, tangi linavuta kinyume na pampu. Endesha mpaka gari lianze kuchechemea, simama, fungua kifuniko. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu, umeshapata sehemu ya ugonjwa. Tafuta kifuniko kinachopumua, na zibua bomba dogo la pumzi la tangi. Nyigu wanapenda kujenga humo.

Kisha mwaga petroli yote kwa nati ya chini, ndani ya chombo cha chuma, na uiache itulie saa moja. Maji yatakaa chini na kutu itaonekana. Sisi tunaonunua petroli ya madumu vijijini tunapata maji zaidi ya tunavyodhani, na hewa ya bahari inalila tangi kutoka nje pia.

Sasa sehemu ninayotaka uitazame kwa makini kuliko zote: mrija wa kunyonyea. Ni bomba jembamba linaloshuka kutoka juu ya tangi hadi karibu na sakafu yake, na mwisho wake una wavu. Mrija huu hupata kutu na kutoboka katikati, pale petroli inapopanda na kushuka. Tangi likiwa limejaa, tundu liko ndani ya petroli na gari linakwenda vizuri. Likishuka chini ya tundu, pampu inanyonya hewa. Kwa hiyo dereva anayekwambia "nikijaza full halizimi" amekupa jibu lote, mwamini.

Uchomoe mrija, uzibe ncha moja kwa kidole, upulizie ncha nyingine ukiwa umeuzamisha kwenye ndoo ya maji. Povu lolote ubavuni ni tundu. Usiuzibe kwa gundi, petroli itaiyeyusha na vipande vitakwenda kwenye kabureta. Badilisha mrija. Safisha wavu kwa brashi laini, na kama umechanika, weka mwingine.

Kutu nyingi ndani ya tangi huondolewa kwa mnyororo mfupi na dizeli lita moja: tia, ziba, tingisha kwa zamu, mwaga, rudia mpaka dizeli itoke bila wekundu. Suuza kwa petroli kidogo mara mbili. Tangi lililotoboka chini halina dawa ya kudumu.

Umefanikiwa ikiwa mrija hautoi povu, wavu unaonyesha mwanga, na petroli unayoichota baada ya kuirudisha ni safi.

## Hatua ya 4: Bomba moja

Ondoa yote ya zamani kati ya tangi na pampu. Nasema yote, pamoja na koki ya wizi. Ikiwa wizi ni tatizo, kifuniko cha kufuli kinafanya kazi hiyo bila kuongeza kiungo.

Pitisha bomba jipya kandokando ya chasisi, upande wa mbali na bomba la moshi. Lisipite juu ya ekzosi wala ndani ya kibanda cha dereva. Lifunge kwa vibano kila sentimita 30, na kila kibano kiwe na kipande cha mpira katikati, kwa sababu bomba linalosugua chuma hutoboka. Bomba la shaba tupu la friji linafanya kazi, na nimelitumia pale lingine lilipokosekana, lakini shaba hugeuka ngumu kwa mtikisiko na kupasuka. Ukilitumia, kagua kila miezi mitatu. La chuma huliwa na kutu haraka kwenye gari linaloshinda pwani.

Injini inacheza juu ya mipira yake na chasisi haichezi. Kwa hiyo bomba gumu liishie kwenye chasisi, na kipande cha mpira kisichozidi sentimita 30 kiunganishe na pampu. Ncha ya bomba inayoingia kwenye mpira uipanue kidogo iwe na kiuno, ili mpira usichomoke. Mpira uingie angalau sentimita 2.5 na klipu ikae nyuma ya kiuno.

Ule mpira wa kuonyesha ndani unaouzwa kwa mita madukani ni kishawishi, maana unaona petroli ikipita. Ndani ya miezi unakuwa mgumu kama fimbo, unapasuka kwenye klipu na kuanza kunyonya hewa. Usiuweke hata kwa muda.

Kabla ya kuunganisha na pampu, zamisha ncha ya mbele kwenye chupa ya maji, na mtu apulize taratibu kwa mdomo kutoka upande wa tangi. Hewa itoke kwa wepesi. Kisha ziba ncha ya mbele, paka sabuni kwenye viungo, mtu apulize tena: povu lisitokee popote. Liache bomba likauke kabisa ndani kabla ya kuliunganisha.

## Hatua ya 5: Pampu moja

Chagua moja. Pampu mbili kwenye njia moja zinapingana: ya umeme ikizimika inakuwa kizuizi mbele ya ya injini, na ikiwaka huisukumia petroli kwa nguvu isiyoihitaji.

Mimi nachagua pampu ya injini, inayosukumwa na kemshafti, ile shafti inayofungua valvu. Injini ikizima, nayo inasimama. Gari likipinduka, petroli haiendelei kumwagika. Nguvu yake ni ndogo, kama paundi 2 kwa inchi ya mraba, na kabureta hizi zimetengenezwa kwa nguvu hiyo.

Chomoa kijiti cha oili cha injini, ukinuse. Kikinuka petroli, au kimo cha oili kikiwa kinapanda badala ya kushuka, ngozi ya ndani ya pampu imetoboka na petroli inaingia kwenye injini. Usiliwashe tena mpaka ubadilishe pampu na oili. Oili iliyochanganyika na petroli haishiki kwenye beringi, na gharama ya hapo ni kubwa mara nyingi kuliko pampu.

Kama pampu yako ina kikombe cha kioo, kifungue, usafishe wavu, weka gasketi mpya, ukaze kwa vidole tu. Gasketi ngumu ya kikombe hiki ni mahali maarufu pa kunyonya hewa, na hapavuji.

Ukiirudisha pampu kwenye bloku, gasketi iwe moja. Nimekuta tatu zimepandana na silikoni katikati. Kila unene unausogeza mkono wa pampu mbali na kemshafti na kupunguza mkupuo wake. Ingiza mkono taratibu. Pampu isipokaa vizuri kwa mkono, zungusha injini kidogo ujaribu tena, usiivute kwa boliti.

Anayelazimika kutumia pampu ya umeme aiweke karibu na tangi na chini, kwa kuwa pampu hizi husukuma vizuri kuliko zinavyovuta. Iwe ya kabureta. Ya gari la sindano (injekta, lisilo na kabureta) inasukuma paundi 40 au zaidi na itafurisha kabureta papo hapo. Iwe na fyuzi yake, na umeme wake ukatwe na swichi ya presha ya oili, ili injini ikizima nayo izime. Ya injini iondolewe kabisa na tundu lizibwe kwa bamba na gasketi.

## Hatua ya 6: Chujio moja, na mahali pake

Mafundi hatukubaliani hapa. Wengi huliweka kabla ya pampu. Mimi naliweka baada yake, kati ya pampu na kabureta. Kabla ya pampu tayari kuna wavu wa tangini na kikombe cha kioo kinachoshika maji na mchanga. Karatasi ya chujio upande wa kuvuta inaikaba pampu inapoanza kuchafuka, na viungo vyake viwili vinaongeza hatari ya hewa. Upande wa kusukuma, kiungo kibovu kinalowa nawe unakiona.

Kwa kuwa hapo liko karibu na injini, chujio liwe la chuma na lisikae karibu na menifoldi ya moshi. La plastiki likiyeyuka hapo, boneti yote inawaka. Fuata mshale ulioandikwa ubavuni: unaelekea kwenye kabureta. Lifunge kwa kibano, lisining'inie kwenye mpira.

Kama pampu yako haina kikombe cha kioo, weka kimoja cha kujitegemea kwenye chasisi kabla yake. Hiyo ndiyo nyongeza pekee ninayoikubali.

## Hatua ya 7: Kabureta na matundu ya menifoldi

Rudia kipimo cha hatua ya 2 kutoka tangini. Chupa ikiwa nyingi na safi, sasa una haki ya kuigusa kabureta.

Zenith 36IV ina udhaifu unaojulikana: mfuniko wake wa juu hupinda kwa joto na kwa kukazwa kupita kiasi, na petroli inapita mahali isipotakiwa. Weka msasa juu ya kioo bapa, paka mafuta kidogo, usugue uso wa mfuniko kwa mzunguko mpole mpaka wote ung'ae sawasawa. Kaza skrubu kwa msalaba, kidogo kidogo. Jeti zipulizwe kwa hewa. Usizichokoe kwa waya, kwa sababu tundu likipanuka halirudi. Tingisha flota sikioni. Ukisikia kimiminika ndani, imetoboka.

Kile kipande cheusi kati ya kabureta na menifoldi ya kuingizia, ile inayopeleka hewa na petroli kwenye silinda, kinazuia joto. Kirudishe na gasketi pande zote mbili.

Menifoldi hiyo nayo hukutwa na vipira visivyojulikana vinakwenda wapi. Acha vitatu tu: cha kisaidizi cha breki kama gari linacho, cha distributa, na cha pumzi ya injini kama kilikuwepo tangu mwanzo. Tundu lingine lolote lizibwe kwa boliti na washa ya shaba. Angalia mara mbili usije ukaziba cha breki. Gari litawaka na kwenda vizuri, na utagundua kosa unapoteremka.

## Hatua ya 8: Kuwasha na kurekebisha sailensa

Kabla ya kurekebisha sailensa, yaani mzunguko wa injini usipokanyaga kanyagio, platini (pointi za ndani ya distributa) ziwe na pengo la milimita 0.35 hadi 0.40 na plagi 0.75 hadi 0.80. Moto mbovu unafanana sana na petroli mbovu, na utazungusha skrubu siku nzima.

Pampu ya injini ina mkono mdogo wa kujazia. Ubonyeze mara kwa mara: mwanzoni utahisi uzito, kisha utalegea. Kulegea ni dalili kwamba kikombe cha kabureta kimejaa na sindano yake ya kuzuia petroli imefunga. Ukiwa umelegea tangu mwanzo na petroli haiji, kemshafti imeuinua mkono wa pampu. Zungusha injini mzunguko mmoja, ujaribu tena.

Futa kila tone. Acha dakika kumi, kagua viungo vyote 7 kwa karatasi nyeupe. Karatasi ikiwa kavu, rudisha waya wa koili na uwashe.

Injini ikishapata moto, funga skrubu ya mchanganyiko taratibu mpaka iguse, ifungue mzunguko mmoja na nusu, kisha isogeze robo robo mpaka injini izunguke haraka na laini kuliko pande zote. Ndipo ushushe mzunguko kwa skrubu ya kanyagio. Sailensa ikipanda na kushuka peke yake, pulizia maji ya sabuni kwenye kitako cha kabureta na gasketi za menifoldi. Mlio ukibadilika, hapo panaingia hewa. Kuna wanaopima hivi kwa petroli. Tafadhali, usifanye hivyo juu ya injini ya moto.

Kisha nenda mlimani, gari likiwa na mzigo wa kawaida na tangi chini ya nusu. Chini ya nusu ni makusudi, kwa sababu tangi lililojaa linaficha mrija mbovu. Panda kwa gia ya pili, kanyagio chini, bila kupumzika. Shuka, geuza, panda tena mara tatu mfululizo. Nguvu ya mara ya tatu iwe sawa na ya kwanza.

Likizima baada ya kusimama dakika kumi na injini ya moto, huku kilima lilipanda vizuri, hiyo ni petroli kugeuka mvuke. Weka kitambaa kilicholoa kwenye pampu. Likiwaka upesi, umethibitisha. Sogeza bomba mbali na joto, na uweke bati la kukinga kati ya ekzosi na chujio.

Baada ya wiki moja, kaza klipu zote mara moja tu, kwa kuwa mpira mpya hulala kidogo. Fungua kikombe cha kioo uone kilichokusanyika: matone ya maji yanatoka kwenye dumu ulilonunulia, unga mwekundu unatoka tangini. Kifungue tena kila ukimaliza kilomita 500, na karatasi uliyochora upya, yenye viungo 7, ibandike ndani ya kifuniko cha sanduku la zana, ili fundi atakayefuata aone palipo na kitu na pasipotakiwa kitu.